MJADALA: Rede na mdako viingie kwenye ratiba ya shule, ila visipelekwe UMITASHUMTA

Wadau wa Tabora, hoja iliyo mezani ni hii: shule za msingi zitenge kipindi cha michezo ya jadi (rede, mdako, kombolela, bao, kuruka kamba), au ziendelee na soka na netiboli kama kawaida? Mimi naunga mkono michezo ya jadi kwa nguvu zote. Ninapoachana na baadhi ya wenzangu ni pale wanapotaka ipandishwe hadi UMITASHUMTA, yaani mashindano ya taifa ya shule za msingi.

Tazameni jioni ya michezo ilivyo katika shule nyingi za Manispaa na kule Uyui. Mpira ni mmoja. Wavulana 22 wako uwanjani, wasichana 14 kwenye netiboli, na umati uliobaki umekaa chini ya mwembe. UMITASHUMTA ikikaribia ndiyo kabisa, mwalimu wa michezo anahangaika na timu tu. Simlaumu. Mashindano yanaanzia shuleni, yanapanda kata, wilaya, mkoa hadi taifa, na kila ngazi kazi yake ni kuchuja. Fainali za 2022 zilifanyika hapa hapa Tabora, na vipaji vilionekana. Lakini aliyechujwa siku ya kwanza naye ana mwili unaotaka kukimbia. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku. Takwimu walizotoa 2019 zilionyesha kwamba duniani kote asilimia 81 ya wanafunzi wa miaka 11 hadi 17 hawafikii kiwango hicho, na wasichana wako nyuma zaidi, asilimia 85.

Sasa angalieni rede. Wawili wanasimama pande mbili na mpira wa nailoni, wa katikati anakwepa huku anajaza mchanga kwenye chupa. Anainama, anachota, anaruka, anajipinda, anageuka kumtazama mrushaji wa upande wa pili, yote ndani ya dakika moja. Akipigwa anaingia mwenzake. Darasa zima linagawanyika vikundi na kuenea uwanjani, na mchanga wa Tabora haununuliwi. Mdako nao ni kishimo na kokoto: unarusha moja juu, unazoa nyingine, unadaka, unarudisha zote kasoro moja. Mtoto anayehangaika na hesabu za kutoa ubaoni utamkuta pale anajua zimebaki ngapi shimoni kwa kutupa jicho tu.

Kaka uliyeandika kwamba soka ni ajira na mdako haumlishi mtu, sikupingi kuhusu ajira. Hakuna anayeng'oa magoli. Ila kipindi cha shule ni cha watoto wote, na wengi wao hawatalipwa na klabu yoyote. Wao wacheze lini?

Dada uliyetaka tuige Afrika Kusini, ni kweli wenzetu wana tamasha la kitaifa la michezo ya jadi kila mwaka, na ndani yake imo diketo, ambayo ni ndugu wa mdako, na kgati ya kuruka kamba. Nawapongeza. Kwetu naogopa. Rede ikishapewa kombe, kesho kutakuwa na timu ya rede ya wasichana wachache, na wengine watarudi chini ya mwembe. Tena kanuni zitaandikwa mahali fulani na kuletwa kwa waraka. Leo watoto wa Isevya wana sheria zao na wa Nzega zao, na wakikutana wanabishana mpaka wanaelewana kabla ya kuanza. Kubishana kule mimi nakuthamini kuliko medali.

Wapinzani wana hoja moja ambayo naikubali moja kwa moja: michezo hii tumeigawa kijinsia. Mvulana akichuchumaa kwenye mdako anachekwa. Hapo mwalimu lazima aingilie, achanganye vikundi bila kuomba ruhusa ya mtu. Na asiyeweza kukimbia asiachwe. Bao ni mashimo 32 na kete 64, hata ardhini linachimbika.

Pendekezo langu ni kipindi kimoja kila wiki, bila timu, bila kombe, ndani ya somo la Sanaa na Michezo ambalo tayari limo kwenye mtaala. Walimu mliomo humu, tuambieni ukweli: kipindi hicho kwenu kinafundishwa, au kinamezwa na Hisabati mitihani ikikaribia?