Presidente au presidenta? Mi nasema presidenta

Wadau tujadili hili. Claudia Sheinbaum alipoapishwa kuwa rais wa Mexico tarehe 1 Oktoba 2024 alisisitiza aitwe presidenta, na A mwishoni, sio presidente (rais kwa Kihispania), na bado kuna watu wanasema huko ni kuharibu Kihispania. Hoja yao neno limetoka Kilatini, praesidens, yani anayekaa mbele, na Kilatini hakikutenganisha mwanaume na mwanamke kwenye maneno ya aina hiyo, kwahiyo inatosha kubadili kile kineno cha mbele, el (ya kiume) iwe la (ya kike), neno lenyewe liachwe. Wanauliza mbona mwanafunzi wa kike haitwi estudianta.

Kwenye estudiante wana pointi, sikatai. Ila jamani, infanta je? Binti wa mfalme wa Hispania anaitwa hivyo karne na karne, na neno limetoka infans, asiyeweza kusema, nalo Kilatini hakikulitenganisha! Mtumishi wa ndani wa kike ni sirvienta, siku zote, mteja wa kike clienta. Yani A ya mfagiaji haisumbui mtu, mwanamke akifika ikulu ndo sarufi inakumbukwa, hii inaniuma kweli. Tena presidenta imo kwenye kamusi ya Akademia ya Hispania, chombo kinachosimamia Kihispania, tangu 1803, sio kitu cha jana.

Wafaransa wana présidente, wao hawana kesi siku hizi. Brazil ndo kulikuwa moto, Dilma Rousseff alitaka presidenta alipoingia madarakani kama rais 2011, halafu 2016 jaji Cármen Lúcia anaenda kuongoza mahakama ya juu kabisa akasema yeye ni presidente tu. Sawa, hilo naliheshimu maana Kireno kinakubali yote mawili. Nisichokubali ni Italia 2022, ofisi ya waziri mkuu Giorgia Meloni (kwao waziri mkuu huitwa presidente wa baraza la mawaziri) kutoa waraka aandikwe "il Signor Presidente", yani Bwana kabisa! wakati "la presidente" ipo na haigusi hata herufi moja ya Kilatini.

Na msiniambie waige Kiswahili, eti mbona Mama Samia ni rais tu na maisha yanaenda. Sisi ngeli yetu haiulizi jinsia, wao wakifungua mdomo tu lazima wachague el au la.

Anayepinga karibu, ila anijibu kwanza hiyo infanta.