Mrejesho: pointi za sifa kwa wanaojibu maswali

Wakuu, asanteni kwa michango. Niliuliza namna ya kuwapanga kwa haki watoa majibu kwenye jukwaa letu la maswali na majibu, wakongwe wasitawale kwa sababu tu waliwahi kufika.

Tumeacha kujumlisha kura. Sasa tunatumia kanuni ya takwimu ya Wilson ya mwaka 1927 mliyoipendekeza, kwa uhakika wa asilimia 95. Haitazami sehemu ya kura nzuri peke yake, inatazama pia kura ni ngapi, kisha inachukua kadirio la chini: kura zikiwa chache, kadirio linashuka. Mwenye kura nzuri 2 kati ya 2 anahesabiwa asilimia 34 hivi. Mwenye 90 kati ya 100 anapata kama 83. Kwa hiyo marafiki wawili hawatoshi tena kumpandisha mtu juu ya aliyethibitika. Kura za zamani nazo zinapungua uzito taratibu.

Kura ya kupinga jibu inamgharimu anayeipiga pointi 1, kama ilivyo Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya waandishi wa programu. Kukomoana kumepungua sana.

Bado maswali magumu yananiuma. Yanasomwa na wachache, kura zinakuwa haba, na kanuni inawaadhibu walewale wanaojitolea zaidi. Nafikiria kuipa uzito zaidi kura ya aliyeuliza. Aliyewahi kujaribu hilo, naomba aniambie lilimwendeaje.