MREJESHO: Ile hela ya ukame kwa wafugaji wa Texas, nimeipata (sio yote)

Wakuu habari zenu, mimi ndo yule mwenye mbuzi huku Texas niliyeuliza mbona majirani wanalipwa na serikali kwa sababu ya ukame na mimi sipati kitu. Aisee asanteni sana.

Nimefuata ushauri wa yule bro wa Oklahoma aliyenijibu hapa, nikaenda ofisi ya FSA (wakala wa Wizara ya Kilimo ya Marekani unaohudumia wakulima) ya kaunti nikafungua namba ya shamba kwanza, kumbe bila hiyo hawakuoni kabisa, halafu nikaripoti eka za malisho na mkataba wa kukodi ukiwa kwa maandishi (ya mdomo niliyokuwa nayo na mzee mwenye shamba ilibidi tukae tuandike), ndo nikajaza fomu ya CCC-853 ya LFP (mpango wa kuwafidia wafugaji waliopoteza malisho kwa ukame). Kaunti yetu ilikuwa D3 (yaani ukame mkali sana) kwenye ramani ya ukame kwahiyo haikuwa na ubishi. Wanalipa asilimia 60 ya gharama ya chakula cha mwezi, kwa mbuzi ni hela ndogo jamani, ila nyasi kavu nimenunua.

Kilichogoma ni LIP (mpango mwingine, wa kufidia mifugo iliyokufa) ya wale mbuzi wangu waliokufa. Dada uliyesema hapa nijaribu usijali, nilijaribu, ila ukame peke yake hauhesabiki kule, wanataka mafuriko, kimbunga, radi, vitu kama hivyo. Na wale niliowanunua juzijuzi wametolewa kwenye hesabu ya LFP, lazima uwe ulikuwa nao ndani ya siku 60 kabla ukame haujaanza, kwahiyo tunzeni risiti zenu.