Darubini ya kuwindia: 8x42 au 10x42?

Mfuatanyayo
Wakubwa shikamooni, na wengine habari zenu. Darubini yangu ya zamani imeingiza unyevu. Kila asubuhi ya baridi inafunga ukungu kwa ndani, na kufuta hakusaidii. Nataka kununua nyingine nikae nayo miaka. Nimebakiwa na mbili za kuchagua, za kampuni moja, umbo moja na uzito karibu sawa: 8x42 na 10x42 (namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita). Nawinda kwa miguu, nusu ya muda ndani ya msitu mnene, nusu kandokando ya uwanda wa nyasi, na wanyama wengi nawaona alfajiri au jua likishazama. Moyo unanivuta kwenye 10, maana naona kadiri mnyama anavyokuzwa ndivyo nitakavyojua upesi kama ni dume au jike, na kama ana mtoto. Nimewaza sawa?

Msasi wa Alfajiri
Mkuu, umewaza sawa kwa mtu aliyeketi. Wewe unatembea. Mimi nilitumia 10x42 misimu mitano, nikarudi 8x42 na sijajuta hata siku moja. Darubini hukuza mtetemo wa mkono kama inavyomkuza mnyama. Ukitoka kupanda kilima unahema, ukainua 10 bila kuegemea kitu, utaona mapigo ya moyo wako mwenyewe: ncha za pembe zinaruka kidogo kila pigo, na wewe unataka kuzihesabu. Kwa 8 zinatulia.

Halafu kuna mwanga. Gawanya upana wa lenzi ya mbele kwa ukuzaji. 42 kwa 8 unapata milimita 5.25, 42 kwa 10 unapata 4.2. Huo ndio upana wa mwale unaoingia jichoni. Nyoosha mkono, elekeza darubini angani, utaona viduara viwili vyeupe upande wa kuchungulia, ndivyo hivyo. Mchana mboni ya jicho ina milimita 2 au 3 tu, kwa hiyo ukijaribu saa sita zote mbili zitang'aa sawa na utadhani tunakudanganya. Giza likiingia mboni hupanuka, kwa kijana hufika karibu 7, na hapo ile 4.2 inakuwa mlango mwembamba.

Babu Nyika
Mwanangu Msasi umesema vizuri, ila usimfanye kijana aidharau 10. Mimi nakaa mahali pamoja saa nyingi, mgongo kwenye mti, viwiko juu ya magoti, naangalia bonde lote. Hapo 10x42 haina mpinzani. Mnyama akiwa mbali sana, 8 inakuonyesha mnyama, 10 inakuonyesha mnyama gani.

Na kwenye mwanga hafifu kuna hesabu nyingine ambayo watengenezaji huitumia: zidisha ukuzaji kwa upana wa lenzi, kisha utafute kipeuo cha pili. 8x42 inapata 18.3, 10x42 inapata 20.5. Maana yake ni kwamba magharibi, ukuzaji nao unasaidia kuona vitu vidogo, hata kama picha ina giza kidogo. Hesabu hiyo haijui ubora wa kioo, kwa hiyo usiifanye sheria. Lakini na hiyo ya viduara, mboni ya mzee kama mimi haipanuki tena kama yako. Mwanga wa ziada unaopita nje ya mboni haunifai kitu.

Wanaovizia usiku juu ya jukwaa wao huchukua 8x56, mwale wa milimita 7 kamili. Nyingi zina uzito wa zaidi ya kilo moja. Kwa mtu wa kutembea ni mateso.

Kwale
Naomba niulize kitu ambacho kaka zangu mmekiruka: Mfuatanyayo, unavaa miwani? Mimi navaa. Darubini yangu ya kwanza ilikuwa na sifa zote, lakini nilikuwa naona kama natazama kwenye tundu la ufunguo, duara dogo na weusi pembeni. Kila darubini ina umbali ambao jicho linatakiwa kukaa ili lione picha nzima, na huandikwa kwa milimita. Mwenye miwani asikubali chini ya 15, na 17 au 18 ndiyo raha. Mara nyingi ya 8 huwa na nafasi zaidi kuliko ndugu yake ya 10. Jaribu ukiwa na miwani usoni, vikombe vya macho ukivizungusha hadi chini.

Na msituni utafurahia upana wa picha. 8x42 nyingi huonyesha kama mita 130 za upana kwa umbali wa mita 1000, za 10 ni kama 110. Mnyama akivuka uwazi kati ya miti miwili, hizo mita 20 ndizo zinazoamua kama utampata au utakuwa unatafuta majani.

Jingine, na hili nalisema kwa uzito: usije ukatumia darubini ya bunduki kuchungulia kitu usichokijua eti kwa sababu darubini ya kifuani iko mbali. Ukifanya hivyo umeshamwelekezea mtutu, na huenda ni mtu anayeokota kuni.

Fundi Lenzi
Mfuatanyayo, huo ukungu wa ndani ndio funzo lako la kwanza. Darubini nzuri hujazwa gesi kavu, naitrojeni au agoni, na kufungwa kwa mipira. Mpira ukichoka, hewa yenye unyevu inaingia. Kwa hiyo kabla ya 8 au 10, hakikisha imejazwa gesi na haipitishi maji.

Kisha angalia vile viduara alivyosema Msasi. Vikiwa mviringo safi, prizimu, yaani vile vipande vya kioo vya ndani vinavyogeuza mwanga, ni nzuri, mara nyingi za aina ya kioo iitwayo BaK-4. Ukiona vimekatwa pembeni kama mraba wenye kivuli, mwanga unapotea. Lenzi zote, za ndani na za nje, ziwe zimepakwa tabaka nyingi za kuzuia mng'ao. Kama ni ile nyembamba ya mirija iliyonyooka, prizimu ziwe na upako wa kurekebisha awamu ya mwanga; bila huo picha inakosa ukali.

Zeiss, Leica na Swarovski zinajulikana kwa ubora, lakini 8x42 ya daraja la kati yenye upako mzuri inakutosha sehemu kubwa ya siku. Tofauti utaiona dakika zile za mwisho.

Na tafadhali, ipange kabla ya kuihukumu. Funika lenzi ya kulia, safisha picha ya jicho la kushoto kwa gurudumu la katikati. Kisha funika ya kushoto, zungusha pete ya jicho la kulia mpaka kitu kilekile kikae wazi. Wengi hurudisha darubini nzima kwa sababu ya pete hiyo.

Mfuatanyayo
Nimerudi. Miwani sivai, Kwale, asante kwa kuuliza. Nimeazima zote mbili, nikazipanga alivyoelekeza Fundi, nikakaa ukingoni mwa msitu hadi giza.

Jike alikuwa amelala kwenye nyasi ndefu, kinachoonekana ni sikio tu. Kwa 10, nikiwa nimesimama, sikio na majani viliyumba pamoja nisijue kipi ni kipi. Kwa 8 majani yalitulia, na sikio likatikisika peke yake kufukuza nzi. Nilipoegemea shina la mti nikachukua tena 10, Babu, nikaona hadi mpasuko mdogo kwenye ncha ya lile sikio. Sema mimi mti wa kuegemea naupata mara moja kati ya tano. Nimechukua 8x42.

Babu Nyika
Umechagua kwa macho yako, na mwendo wako unaujua wewe. Sasa ukamba wa shingoni uondoe, tafuta mikanda ya kuvuka mgongoni, darubini ikae juu kifuani. Ikining'inia tumboni itagonga kila tawi, na mnyama atakusikia kabla hujaiinua.