Tupeane uzoefu: ni sehemu gani ya gemu ya Cars iliyokutoa jasho?

Mama Faraja: Mwanangu ameibua mfuko wa zamani wenye CD za PlayStation 2, na ndani yake imo gemu ya Cars ya mwaka 2006, ile ya magari yanayozungumza, iliyoingia madukani siku chache tu kabla ya filamu yake kutoka. Nimeiwasha, na nimegundua kuwa matrekta yale bado yananitia hofu. Wenzangu mliocheza, mlikwama wapi?

Kijana wa Ngamiani: Kwangu ni usiku wa matrekta, wala sihitaji kufikiri. Katika mbio za kawaida unamwona mpinzani wako, ilhali ukiwa Mater, lile gari bovu la kuvuta magari, unanyata gizani, unapiga honi karibu na trekta lililolala ili lipinduke, na wakati huohuo Frank, lile dude la kuvunia, anazunguka na mwanga wake akimtafuta anayewasumbua wenziwe. Tulikuwa tukicheza katika kibanda cha gemu mtaani, unalipia muda, na kwa kuwa mwenye kibanda hakuwa na memori kadi ya kuhifadhi ulipofikia, aliyetaka kufika mbali alianza hadithi upya kila siku. Jioni moja nikabakiza trekta la mwisho. Watoto wamenizunguka kimya, nikalisogelea taratibu, nikapiga honi, na kabla halijalala chali umeme ukakatika mtaa mzima. Uliporudi, mwenye kibanda akanitazama usoni na kuniambia kwamba muda wangu ulikuwa umekwisha.

Mwana Likoni: Nakuunga mkono, ndugu yangu. Frank alituonea sote.

Fundi Pedi: Kwa heshima zote, anayelilia matrekta hajasukumwa ukutani na yule mpinzani mkorofi Chick Hicks katika mbio kubwa za Piston Cup, huku matairi yake yamekwisha na hajui aingie piti kuyabadilisha sasa au avumilie mzunguko mmoja zaidi.

Kijana wa Ngamiani: Piti ni kubonyeza vitufe tu. Hata mdogo wangu aliweza.

Fundi Pedi: Basi mlete mdogo wako hapa, tuzungumze naye yeye.

Mzee Kobe: Vijana, msigombane. Waliotengeneza gemu ile, Rainbow Studios, walikwisha kuunda ATV Offroad Fury, gemu ya pikipiki za magurudumu manne, na ndiyo maana gari lina uzito likiingia vumbini. Mfuateni Doc Hudson, yule bingwa wa zamani katika filamu: kateni usukani kulia ili gari litelezee kushoto.

Bint Saidi, Muscat: Shikamoo mzee. Ushauri huo ulinipeleka kwenye miiba kila mara. Mimi huachia mafuta kidogo kabla ya kona, basi.

Dereva Mstaafu: Yangu ni ya Cars 3: Driven to Win, gemu nyingine ya Cars, ya mwaka 2017. Dereva mmoja wa bodaboda alitamba kibandani kwamba hakuna mtoto wa kumshinda, akaweka simu yake juu ya meza. Akajitokeza mwanafunzi mwenye sare za shule ya msingi, skrini ikagawanywa. Mtoto akaligeuza gari na kuanza kwenda kinyumenyume, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, bila kujua kwamba katika gemu ile kuendesha kinyumenyume hujaza akiba ya kasi. Ilipojaa, akageuka na kupita kama mshale. Kukawa kimya, kisha mtoto akainyakua simu na kutoka mbio.

Mwana Likoni: Je, simu ilirudishwa?

Bint Saidi, Muscat: Mnacheka, lakini kumwekea mtoto dau ni kamari, na mwenye kibanda alipaswa kukataza.

Fundi Pedi: Dada, mtoto hakuweka chochote mezani. Aliyecheza kamari ni dereva peke yake.

Bint Saidi, Muscat: Hiyo haiifanyi kuwa halali.

Dereva Mstaafu: Mama wa mtoto aliirudisha jioni ileile, kwa sharti kwamba dereva ampeleke mwanawe shule bila malipo hadi muhula uishe. Sharti lilitekelezwa.

Mama Faraja: Nawashukuru, ila nilitaka kujua habari za matrekta. Nimsubiri Frank apite, au nikimbie?

Mzee Kobe: Msubiri apite, ukae nyuma yake.

Kijana wa Ngamiani: Kimbia! Ukisubiri, atakurudia.

Mwana Likoni: Hakikisha kwanza umeme upo.

Mama Faraja: Je, yupo mwenye memori kadi nzima hapa Morogoro?