Wakuu, mshono wa stika kwenye gari la biashara: kipande kipi kilalie kipi?

Fundi_Mbioni
Habari za jioni wakuu. Nina gari la kusambaza vifurushi la kubandika stika ubavu mzima. Kuanzia nyuma ya mlango wa dereva (ule wa kusukuma, unaoteleza kwenye reli) hadi mwisho ni mita 5.20, kwenda juu mita 2.10. Roli langu lina upana wa mita 1.37, kwa hiyo lazima niunge. Nimeamua vipande vinne vya wima. Swali: vilaliane, na kama ndiyo, kipi kiwe juu? Au nivikutanishe kingo kwa kingo? Mimi naona kingo kwa kingo inapendeza, haina tuta. Majibu ya haraka tafadhali, nimekwama.

Mlalo_Daima
Kwa nini wima? Mita 2.10 ni vipande viwili tu vya mlalo, mshono mmoja badala ya mitatu. Unaanza cha chini, cha juu kinakilalia kama vigae vya paa, maji yanateremka bila kuingia. Mimi magari yote nalaza.

Fundi_Mbioni
Asante mkuu, ila wima nimeshaamua. Tubaki kwenye swali.

Babu_Skwiji
Jibu la swali lako: mishono ya wima unaanzia nyuma unakuja mbele. Kipande cha mbele kikilalie cha nyuma yake, ukingo ulio wazi utazame nyuma ya gari. Hapo upepo unapita juu yake. Ukigeuza, upepo na brashi za kuoshea gari zitaingia chini ya ukingo na kuufumua kidogo kidogo. Kulaliana kwa milimita 6 hadi 12 kunatosha kabisa.

Kingo kwa kingo sahau. Stika husinyaa, hasa ile ya bei rahisi inayotengenezwa kwa kubanwa kati ya rola. Ya kasti, ile inayomiminwa ikiwa majimaji, hutulia zaidi, lakini nayo sitaiamini kwa mtindo huo. Leo vinagusana, baadaye unaona mstari wa rangi ya bodi kutoka juu hadi chini.

Ziada ya pembeni umeacha kiasi gani kwa kila kipande?

Dada_Michoro
Mimi ni mbunifu, sibandiki. Niliwahi kuchora tangazo lenye sura ya mama anacheka, mbandikaji akapitisha mshono katikati ya meno. Upande mmoja ukapanda kidogo tu, mama akawa kama anayejing'ata mdomo, na gari likazunguka hivyo hivyo. Siku hizi sianzi kuchora kabla sijaambiwa mishono itapita wapi. Sura, nembo na namba ya simu zisiguswe.

Fundi_Mbioni
Dada, mshono wangu wa tatu unapita kwenye namba ya simu, lakini ni kwenye tarakimu moja tu, 0. Na sifuri ni duara, ni rahisi kuoanisha.

Kipanga_wa_Jioni
"Ni sifuri tu" 😂😂 Wateja watapiga namba yenye mabano.

Babu_Skwiji
Hujajibu kuhusu ziada.

Mzee_Nidhamu
Tatizo la vijana ni kukimbilia kazi kabla ya kukaa chini ya fundi. Zamani ulifagia karakana kwanza, ukafundishwa kusafisha bodi kwa spiriti, kona zote, ndipo ukashikishwa skwiji, kile kibao cha kusugulia stika. Sasa kila mwenye printa ni fundi.

Babu_Skwiji
Mzee, ziada?? Namuuliza mleta mada.

Fundi_Mbioni
Wakuu, nisiwafiche. Vipande vimeshachapwa na kulaminishwa, yaani kuvikwa utando wa kinga. Mchoro niliugawa mara nne sawasawa, mita 1.30 kila kimoja, halafu ile nyeupe ya pembeni nikaikata vikae safi. Ziada hakuna. Ndiyo maana naelekea kingo kwa kingo. Pale vitakapopandana nitapunguza kwa wembe juu ya gari, mkono wangu ni mtulivu.

Tepu_ya_Uzi
Wembe juu ya rangi ya mteja? Mkono uwe mtulivu vipi, ukikata stika utagusa rangi. Siku stika ikitolewa, mchirizi unabaki na maji yanaanzia hapo. Kuna tepu yenye uzi ndani: unaibandika kwanza, stika inakuja juu yake, unavuta uzi, inakatika kutokea chini bila wembe. Mimi tangu niijue sijarudi nyuma.

Mpelelezi_Pori
Samahanini, mimi naona hii ni chai, hadithi ya kutunga. Mwanzo "nimeamua vipande vinne". Mara "vimeshachapwa". Tukijibu tena atasema vimeshabandikwa. Mjadala unatembea na kazi inatembea. Mtu aliyekwama anasimama, huyu haonekani kusimama.

Fundi_Mbioni
Situngi chai mkuu. Cha nyuma kabisa ndiyo nimeshakibandika, ukingo wake wa mbele uko karibu na mstari wa ribiti. Vitatu bado.

Mpelelezi_Pori
HAYA SASA. Ribiti? Gari lenye mlango wa kusukuma ni bodi ya chuma iliyochomelewa, ribiti ubavuni zimetoka wapi? Mmeona wenyewe. Huyu kachanganya magari mawili, ametunga apate maswali ya mtihani wa mafundi wake. Modi funga uzi.

Kipanga_wa_Jioni
Nimekaa pale, siti ya mbele kabisa.

Mzee_Nidhamu
Hata mimi nilihisi.

Babu_Skwiji
Punguzeni jazba. Kasema mlango wa DEREVA ni wa kusukuma. Yapo magari ya vifurushi yenye umbo la boksi, dereva anaingia na kutoka kwa mlango wa kusukuma, na bodi ni shiti za alumini zilizopigwa ribiti. Ametaja mlango tangu mwanzo, na mimi ndiye ningepaswa kuuliza aina ya bodi. Ubavu wake ni bapa, ndiyo maana wima haimsumbui.

Mleta mada, mshono usikae juu ya ribiti. Ukingo ukiishia kwenye kichwa cha ribiti hauna pa kushika. Zile zinazofunikwa, toboa hewa kwa sindano pembeni, pasha joto, zungushia brashi ndogo hadi stika ishike shingo ya ribiti.

Mshono wa kwanza, kati ya cha mbele na cha pili, una picha gani?

Fundi_Mbioni
Bluu tupu. Wa pili una ukingo wa boksi la mchoro, wa tatu ndiyo ile 0.

Babu_Skwiji
Basi umepona. Chapa upya cha tatu peke yake, mita 1.32, mchoro uendelee sentimita moja kila upande, usiache nyeupe. Roli la 1.37 linatosha. Ziada yake ya nyuma italalia kile ulichobandika, ya mbele itabaki chini ya cha pili. Mishono miwili imekwisha. Cha mbele kabisa kisogeze nyuma sentimita moja, bluu juu ya bluu, pengo litakalobaki liishie kwenye fremu ya mlango. Tumia roli lilelile na kipite kwenye printa kwa mwelekeo uleule, la sivyo bluu zitapishana.

Fundi_Mbioni
Mteja anachukua gari kesho asubuhi. Nikichapa sasa hivi na kulaminisha usiku huu?

Babu_Skwiji
Wino gani?

Fundi_Mbioni
Solventi, ule wa kiyeyushi. Vile vya kwanza nililaminisha baada ya saa chache na viko poa.

Babu_Skwiji
Saa 24 kabla ya kulaminisha. Solventi iliyobaki ndani inalainisha gundi, na pa kwanza kujikunja ni kwenye mshono. Hata hicho ulichobandika kiangalie kingo zake.

Mpelelezi_Pori
Naondoa neno la mtihani. La chai nalibakiza hadi nione picha.

Fundi_Mbioni
Nimempigia mteja, kasogeza hadi keshokutwa. Kasema 0 isipooana halipi. Cha tatu kiko kwenye printa.

Basi_la_Mwisho
Wakuu kwa kuwa mpo, mimi nina basi, kioo cha nyuma nataka ile stika yenye matundu. Inalaminishwa au haihitaji?

Babu_Skwiji
Inalaminishwa, mvua isijae kwenye matundu. Mengine fungua uzi wako.