Neno "riparian" kwenye mkataba wa ploti lina maana gani? Naomba ushauri

Mjengo_Polepole: Wadau, habari za jioni. Nisaidieni neno moja tu. Mkataba wa ploti ninayoitaka huko Njiru unasema upande wa nyuma ni "riparian". Broka anasema hiyo ni ardhi yenye haki ya maji, nitamwagilia sukuma wiki bila kulipa mtu. Kamusi ya Kiingereza inasema ni "ya ukingo wa mto". Nimwamini nani? Usingizi umenihama.

Mwalimu_Mstaafu: Mwanangu, kamusi haijakosea. Kwa Kilatini *ripa* ni ukingo wa mto. Uingereza, mwenye shamba linalogusa mto huitwa kwa neno hilo, na kwa kawaida huhesabiwa kuwa anamiliki hadi katikati ya mto. Broka wako ameokota maana ya huko. Kwetu Kenya, Katiba ya 2010, ibara ya 62, inaiweka mito katika ardhi ya umma. Ukilisikia neno hilo Nairobi, fikiria ukanda wa kando ya mto usiojengwa.

Mama_Wawili: Mimi Kiingereza sina, lakini neno hilo nalijua. Aprili 2024 tulikuwa Mathare. Maji yaliingia usiku, mdogo nikambeba mgongoni, mkubwa nikamfunga na leso kiunoni asinipotee. Kisha serikali ikasema walio ndani ya mita 30 kutoka mtoni wahame, na tingatinga likafuata. Hadi leo mvua ikipiga mabati naamka nahesabu watoto.

Bata_Bukini: Sukuma ya bure! Jirani yangu alinunua ploti ya aina hiyo, siku hizi anafuga bata sebuleni.

Fundi_Wa_Eastlands: Kuna jambo hujasema. Mto uko umbali gani, na umeshalipa?

Mjengo_Polepole: Si mto, ni kijito. Mwezi wa pili hakina hata tone. Na nimelipa kidogo.

Fundi_Wa_Eastlands: Kidogo ni ngapi?

Mjengo_Polepole: Nusu. Ni pesa za mama, aliuza ng'ombe wawili. Na msingi tumeshachimba. Lakini nilifanya sachi, yaani kukagua rekodi za ardhi, jina la muuzaji ni safi. Majirani wawili wamejenga ghorofa hapo hapo na hakuna aliyewagusa. Nimepanga nyumba miaka kumi na moja, ningengoja hadi lini?

Neema_Tosha: Pesa ya mama haitoki mkononi kabla mama hajaikanyaga ploti kwa miguu yake. Sisi tulilelewa hivyo.

Fundi_Wa_Eastlands: Ndugu yangu, sachi inakuonyesha mwenye ardhi na madeni yaliyo juu yake. Mto haiuonyeshi. Kanuni za maji za 2007 zilisema angalau mita 6 kila upande, au sawa na upana wa mto wenyewe, mwisho mita 30. Mito ya msimu imo pia. Ukanda huo unaweza kuwa ndani ya hati yako, uwe wako kabisa, na bado usiruhusiwe kujenga wala kulima. Hata hiyo sukuma haipo.

Macho_Manne: Ngojeni kwanza. Ng'ombe wa mama, broka mwongo, kijito kikavu: hadithi imepangika mno. Alianza na neno la kamusi, mara msingi umechimbwa! Huyu ndiye broka mwenyewe, anapima kama wanunuzi wameerevuka. Weka picha.

Bata_Bukini: Mimi pia nimeanza kushuku.

Mama_Wawili: Muacheni. Aliyeogopa namjua hata kwa maandishi.

Mjengo_Polepole: Picha siweki, muuzaji ataitambua ploti. Lakini nimetoka huko sasa hivi na kamba ya kupimia. Kijito kina upana wa mita 4. Kutoka kwenye maji hadi msingi ni mita 7. Nimeipita ile 6, kwa hiyo niko salama. Saruji inakuja Jumatatu.

Fundi_Wa_Eastlands: Ulianzia kwenye maji au juu ya ukingo?

Mjengo_Polepole: Kwenye maji.

Fundi_Wa_Eastlands: Na kutoka maji hadi juu ya ukingo?

Mjengo_Polepole: Kama mita 2. Kwani hesabu inaanzia juu?

Fundi_Wa_Eastlands: Juu. Simamisha saruji usiku huu huu, utafute mpima ardhi aliyesajiliwa kabla hujaongeza hata shilingi.

Mjengo_Polepole: Mama anakuja Jumapili kuiona.